Rangi ya Safu ya Mbele

Fundi rangi wa mabati hana muda wa kupiga soga asubuhi. Jua likishapanda, bati linawaka na rangi inakaukia kwenye brashi. Ndiyo maana majirani walipokuwa bado wanapiga miayo, yeye alikuwa juu ya ngazi akimalizia paa la duka.

Rangi yenyewe ilikuwa nyeupe, ya kufukuza jua. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba joto limezidi, wazee na watoto wanazimia majumbani, na paa jeupe ni kinga. Maneno mazuri, nani atayapinga? Ila rangi iliyoletwa ilitosha safu ya mbele tu, ile inayotazama barabara kuu ambako mgeni rasmi angepita siku hiyohiyo. Safu ya nyuma, alikopanga mama yake fundi, iliambiwa ivute subira.

Lilibaki paa moja, la ghala la mkaa. Ghala halikuwa na dirisha wala mtu. Fundi alilitazama, akamkumbuka mama yake. Jana mchana alimkuta amejilaza sakafuni, midomo imekauka, anamwita kwa jina la marehemu baba yake. Fundi aliogopa sana, na hofu ile alikuwa nayo mpaka sasa. Akateremka, akabeba ngazi begani na debe mkononi, akaingia uchochoroni.

"Nani huko juu?" mama aliita kutoka chumbani. "Kama ni mwizi, chukua bati tu, nalo limetoboka."

"Ni mimi, mama. Lala."

"Na safu ya wakubwa?"

"Imekwisha."

"Muongo kama baba yako. Shikilia vizuri usije ukanidondokea, mgonjwa mmoja anatutosha."

Alipaka mkono wa kwanza wa rangi, ulipokauka akapaka wa pili.

Aliporudi barabarani, Bwana Afya, msimamizi wa kazi ile, alifika na gari, akashuka akijifuta jasho. "Fundi, mbona ghala limebaki?"

"Rangi imeisha, mkuu."

Bwana Afya alichungulia uchochoroni. Paa moja lilikuwa linang'aa katikati ya kutu. "Na lile?"

"Lile lina mtu ndani."

"Mgeni anapita barabarani, hapiti uchochoroni."

"Joto linapita kote, mkuu."

Bwana Afya hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti. "Fundi wangu, hata mimi nina mama. Lakini rangi ililetwa kwa ajili ya safu ya mbele. Wakiniuliza nijibu nini?"

"Waambie ghala halijawahi kuzimia."

Bwana Afya alitaka kucheka, akajizuia. "Rudisha brashi na ngazi. Mitaa iliyobaki watapaka wengine."

Kazi ya msimu mzima wa joto ikaishia hapo. Fundi alirudisha vifaa. Mgeni rasmi alipita baadaye, vioo vya gari vimefungwa.

Mchana ulipokolea, fundi aliketi kando ya mama yake. Leo mama alikuwa kitandani, sakafu hakuitaka.

"Kesho unapaka wapi?"

"Kesho nipo na wewe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama akauchukua mkono wa mwanawe, akaanza kumbandua rangi kwenye kucha, kama alivyokuwa akimtoa matope utotoni. "Lile shuka langu uliliweka wapi?" aliuliza.

Tangu joto lianze, shuka lilikuwa limekunjwa sandukuni. Fundi alilitoa, akamfunika miguu, na machozi yakamlengalenga.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa chumba cha tatu, na mtoto mchanga mgongoni, uso wa mtoto umejaa vipele vya joto.

"Fundi, samahani. Imebaki hata ya kukomba?"

Debe lilikuwa pale mlangoni; vifaa viliporudishwa, lenyewe lilisahauliwa. Fundi alilinamisha, akaangalia rangi iliyoganda pembeni.

"Nipatie maji kidogo na kitambaa," alisema. "Lakini haitatosha paa zima, dada yangu. Nionyeshe mtoto analala upande gani."