Kitabu cha Ukoo na Diski ya Pili

Kompyuta mpakato ya Mzee Eliud ilianza kugonga siku ya Jumatatu. Ko-ko-ko, kimya, kisha ko-ko-ko tena, kama kuku anayedonoa bati. Kufika Jumatano mzee hakuweza kumeza hata wali. Ndani ya mashine ile kulikuwa na kitabu cha ukoo wao, kurasa mia nne na kumi na mbili, alichokiandika kwa vidole viwili kwa miaka tisa. Alikuwa ameizunguka kata yote ya Makwale kwa baiskeli akiwahoji wazee waliokumbuka nani alimzaa nani na nani alihamia wapi. Wengi wao sasa walikuwa makaburini. Kitabu kikipotea, hakuna wa kumrudia.

Fundi alikuwepo, tena wa nyumbani: Doreen, mke wa mwanawe Gwamaka, mwenye kibanda cha kompyuta Kyela mjini. Ila Mzee Eliud alikuwa mtu wa kutila. Kwa desturi hiyo ya Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani uso wala hawakai chumba kimoja. Nyumba nyingi zilikwisha kuilegeza. Ya kwake bado.

Alhamisi asubuhi Doreen alishuka kwenye bodaboda na diski ya pili mkobani, imefungwa kwenye fremu, ya kunakilia kitabu kabla ile inayogonga haijafa, akapitia mlango wa nyuma, akaketi jikoni. Ukuta wa jiko na sebule haukufika darini, kwa hiyo sauti ilipita juu bila shida. Marita, mke wa mzee, akaipeleka diski sebuleni kwa mzee.

"Kwa nini hiyo mashine isije kule jikoni, mwenye kazi yake aishike?" aliuliza.

"Mimi seremala wa miaka arobaini nishindwe na skrubu?"

"Haya. Mimi simo." Marita akarudi jikoni.

"Shikamoo, baba," Doreen aliita juu ya ukuta.

"Marahaba, mwanangu. Niamuru."

Akamwamuru. Zima. Toa betri. Fungua skrubu ile ya katikati, vuta kisanduku cha CD kitoke chote. Weka pale ile diski ndani ya fremu yake, sukuma hadi isikike ikikamata.

"Imeingia kama droo niliyoichonga mwenyewe!" mzee alitamba.

"Ndaga fijo, asante sana, baba! Rudisha betri, washa. Hiyo diski ilitumika kwenye kompyuta nyingine, ina takataka za watu. Tuifomati kwanza, ndipo tunakili kitabu. Unaiona C?"

"Naiona."

"Hiyo usiiguse. Chukua ile nyingine."

Mzee alitazama. Baada ya C kulikuwa na D, na baada ya D kulikuwa na E. Kuuliza ni ipi alikuona ni kujidhalilisha mbele ya mke wa mwanawe. Akaichagua iliyofuata.

"Inaonya kwamba kila kilichomo kitafutika," alisema. "Nibonyeze?"

"Bonyeza tu, baba."

Kidole kikashuka. Kabla hakijagusa, Doreen akauliza, kwa mazoea tu ya kazi, "Umechagua herufi gani?"

"D."

"Na kitabu umekihifadhi wapi?"

"Si humo humo D?"

"Usiguseee!"

Marita aliangusha mwiko. Mkono wa mzee ulikufia hewani. Ile diski inayogonga ilikuwa imegawanywa mara mbili, C na D. Ile aliyoileta Doreen ilikuwa E.

"Baba, mbona hukusema ziko tatu?"

"Hukuuliza," mzee alijibu, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Kisha akabeba kigoda chake. "Mimi natoka nje. Ingia uifanye wewe."

Akapita mlango wa mbele, akaenda kukaa chini ya michikichi kando ya nyumba. Doreen akajitanda kanga, akaingia. Kwa saa mbili nzima mzee aliisikia diski ikigonga, na kila iliponyamaza alinyanyuka kidogo.

"Imemaliza!" Doreen aliita dirishani. "Nimeweka nakala nyingine kwenye flashi, nitaihifadhi kwangu. Maji ya mafuriko yakiingia humu ndani, diski hizi zote mbili zitaogelea pamoja. Sasa nafungua hii mpya, nione kama inasomeka."

"Soma kwa sauti."

Akasoma. Babu Lazaro alikuwa akitoka Matema na shemeji yake, akiwa amebeba vyungu sita, kiboko akatokea. Babu akautupa mzigo, akapanda mti. "Kiboko hakuvunja chungu hata kimoja," Doreen alisoma, na sauti ikaanza kumtetemeka. "Vyote sita alivivunja babu..."

Hakuweza kuendelea. Alicheka hadi Marita naye akacheka kutoka jikoni.

"Baba! Gwamaka aliniambia babu alimpiga kiboko rungu la kichwa!"

"Hiyo ni ya kusimulia misibani. Ya kweli ndiyo hiyo."

Miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumsomea kitabu chake, wala kucheka pale alipotaka watu wacheke. Mzee Eliud akabeba kigoda, akakiweka chini kabisa ya dirisha, akakaa akiligeuzia mgongo.

"Soma na ukurasa unaofuata," alisema. "Polepole. Shemeji naye ana maneno yake."