Ndege wa Vyuma vya Watu

Kosa lilianza na tangazo la mwalimu mkuu. Mchomeleaji alimwomba awaambie wanafunzi walete vyuma chakavu vya kutengenezea sanamu ya ndege. Mwalimu mkuu, kwa kupenda maneno mazuri, akawaambia walete chuma chochote ambacho nyumbani hakitumiki. Basi watoto wakaamua wenyewe nini kinatumika na nini hakitumiki. Wakaleta bawaba, makufuli, minyororo ya baiskeli, pasi ya mkaa, na vijiko vya wageni, maana wageni hawaji kila siku.

Watoto walimbatiza mchomeleaji Mwalimu Cheche, naye jina hilo lilimfurahisha kuliko alivyoonyesha. Miaka yote alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya kaka yake. Alitengeneza mageti na vyuma vya madirisha, na kila geti lilitoka likiwa na jina la kaka, ingawa kaka mwenyewe siku hizi alishika simu zaidi ya mashine. Ndege huyu wa kusimama mbele ya shule, akitazama barabara, angekuwa kazi yake ya kwanza yenye jina lake. Na bwana mkubwa mmoja wa halmashauri alikuwa ameahidi kuja kumwona ndege huyo. Akimpenda, sanamu zote za bustani mpya ya mji angezitengeneza Mwalimu Cheche. Asipompenda, ni kurudi madirishani.

Kwa hiyo alivumilia. Ndege alipoanza kusimama kwa miguu yake, wazazi wakaanza kumiminika. Mama mmoja alitaka kufuli lake, na ufunguo alikuja nao kama ushahidi. Bibi mmoja alitaka pasi, akauliza umeme ukikatika anyooshe nguo kwa kiganja? Mwalimu mkuu alimkubalia kila aliyekuja. Mpe tu, fundi, tusigombane na wazazi, alisema, kisha akarudi ofisini kwenye chai yake. Mwalimu Cheche akakata, akaziba tundu kwa vipande vya nondo, kesho yake akakata tena. Bawa la kushoto likawa viraka vitupu. Siku nyingine alirudi nyumbani taya zinamuuma kwa kusaga meno.

Kilichomtuliza ni mdomo. Ulikuwa mwiko wa fundi mwashi, ule wenye ncha wa kutandazia saruji, ulioletwa na msichana wa darasa la tano. Ulikuwa umelika upande mmoja hata ncha ikapinda kidogo. Alipouchomelea tu kichwani, lile rundo la vyuma likawa ndege, tena ndege mwenye maneno, anayetaka kumjibu mtu. Alimtazama mpaka jua likazama, akacheka peke yake.

Asubuhi ya uzinduzi, kaka alikuja akachukua mashine ya kuchomelea kwa ajili ya geti la tajiri fulani asiyeweza kusubiri. Alimwachia grinda tu, ya kukatia na kulainishia kingo. Mwalimu Cheche alikuwa anailainisha miguu ya ndege alipomwona mwanamume amesimama mbali, ovaroli limepauka lakini limefuliwa vizuri, anangoja kelele ziishe. Akazima grinda. Yule mtu akamsalimu, akajitambulisha kuwa ni baba wa yule msichana wa darasa la tano.

“Ni mwiko, sivyo?” aliuliza Mwalimu Cheche.

“Ni mwiko, dada.”

Akamweleza yote. Mgeni wa halmashauri yuko njiani, mashine haipo, akikata hawezi kuunga tena. Atamnunulia mwiko mpya sasa hivi kwenye duka la vifaa hapo ng'ambo, hata miwili akitaka. Mwashi alimsikiliza mpaka mwisho, macho chini. Kisha akasema wanachukua mafundi leo kwenye jengo linaloinuka karibu na daraja.

“Mpya siwezi kwenda nao,” alisema. “Pale langoni msimamizi haulizi vyeti, anaangalia mwiko. Ukiwa mpya anasema huyu ameanza jana. Huo umelika kwa mkono wangu, dada. Akiuona tu, ananijua. Nilikuwa nimekata tamaa, nikautupa uvunguni. Mtoto hakukosea.”

Damu ilimchemka Mwalimu Cheche. Mwashi angefoka kama wazazi wengine, yeye angemtimua. Lakini alisema taratibu, na hilo lilimuudhi zaidi. Alimkasirikia mtoto, akamkasirikia mwalimu mkuu na chai yake, na kaka na geti lake. Zaidi ya yote alikasirika kwa kuwa alimwelewa. Akavaa miwani, akaufunga mwiko kwa kitambaa kilicholowa maji usiungue, akakata polepole, akalisugua kovu la kuchomelewa mpaka likalainika. Mwashi aliupima mkononi, akashukuru, akaondoka kama anayekimbia.

Mgeni alifika. Wanafunzi walipangwa mistari, kitambaa kikavutwa, watu wakapiga makofi ya adabu. Mgeni akamzunguka ndege, akamzunguka tena, akauliza mbona hana mdomo. Mwalimu mkuu akakohoa. Yule msichana, aliyekuwa mstari wa mbele na amelelewa vizuri, akaamkia kwanza.

“Shikamoo. Mdomo umeenda kazini na baba.”

Shule nzima ikaangua kicheko, walimu nao wakashindwa kujizuia. Mgeni akaona anafanywa kichekesho. Akasema mbele ya wote kwamba bustani inahitaji mtu anayemaliza kazi zake, akaingia kwenye gari, soda yake ikabaki mezani haijafunguliwa.

Kaka alipita baadaye, akamtazama ndege juu mpaka chini. Akasema si angebandika hata kipande cha bati, mdogo wake huyu, halafu akamkumbusha kwamba kuna madirisha ya nyumba nzima yanamngoja. Mwalimu Cheche akaichomoa grinda kwenye umeme. Alikuwa anakunja waya wa umeme msichana alipokuja kusimama kando yake, akamuuliza kama amemkasirikia baba.

“Ndiyo,” alisema. “Nimemkasirikia sana.”

Msichana akatikisa kichwa kukubali.

“Asipochukuliwa huwa anarudi mapema, anakaa mlangoni,” alisema. “Nimeenda nyumbani saa ya mapumziko. Mlango umefungwa.”

Mwalimu Cheche akabaki na waya mkononi. Hasira haikuisha. Ilikuwa palepale kifuani, nzima kama ilivyokuwa asubuhi, ila sasa hakuona mtu wa kumpa.