Muuaji Anasikiliza

Thuku, jamani, mdomo wake haukuwa na kufuli. Kila sinema ya mauaji iliyoletwa ukumbi wa misheni pale Kaloleni, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti kuwafasiria watu Kizungu, na kabla maiti haijapoa huwa keshasema: mwenye kofia yule ndiye muuaji, mtazameni vizuri. Ati anawasaidia! Nusu ya watu huinuka wakaenda zao kunywa mnazi.

Jambo hilo lilimkera Mwalimu Sidi. Ile sinema ya mjane aliyeuawa ngazini alikuwa ameiona mara mbili Malindi, na mara zote mbili alirudi nyumbani akitazama nyuma. Kazi nzuri kama ile kuharibiwa na domo la mtu aliiona dhambi. Aliposikia inaletwa Kaloleni, akamwendea Joram, mwenye mashine ya sinema, akamwomba amwachie afasiri yeye badala ya Thuku. Joram akacheka sana, mwanamke tena? Mwishowe akakubali kwa sharti moja: watu wakiondoka kabla ya mwisho, asimwombe tena maishani.

Jumamosi alasiri madirisha yakazibwa kwa magunia. Sidi alifasiri taratibu. Watu wakamjua mjane, wakamjua mpwa wake, mpishi na daktari, wala hakumnyooshea yeyote kidole. Ukumbi ukaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Kisha mjane akashika taa, akaanza kupanda ngazi peke yake, na kwenye pazia la sinema hakuna aliyesema neno. Sidi naye akanyamaza.

Ehe, hapo ndipo pakachafuka. Watu wakadai wafasiriwe, wa mbele wakaanza kusimama, Joram akamtolea Sidi macho. Sidi akakileta kipaza sauti mdomoni.

"Kaeni kimya," akasema. "Muuaji anasikiliza."

Ukumbi ukawa kimya, waliosimama wakaketi. Mlango wa juu ulipofunguka na daktari akatokea, mama mmoja alimkumbatia jirani asiyemjua hata jina.

Sinema ikaisha, magunia yakatolewa, na hakuna aliyetoka. Sidi aliona fahari, na ilikuwa haki yake.

Thuku alikuja kutoka nyuma, shati limemganda kwa jasho.

"Mwalimu," akasema, "sinema hii nimeifasiri mara tisa, toka Ganze hadi Mariakani. Leo nilidhani ni mpishi."