Sufuria za Mokeira

Kila aliporudi nyumbani Marani kutoka Kisii mjini, alikokuwa akishona nguo, Mokeira alikuja na chombo kimoja cha nyumba yake mpya. Leo sufuria, mwezi ujao beseni, halafu birika la samawati. Mama yake, Bochaberi, alivitia chini ya kitanda vikiwa bado na karatasi za dukani. Harusi ikiwa karibu, homa ilimshika binti, ikampanda kichwani, na wakamzika kando ya migomba.

Miezi ilipita. Siku moja Orpah, dada yake Thadeus, mume wa Bochaberi, alikuja kutoka Ogembo.

"Wifi, vile vyombo vinakaa bure," alisema kwa upole. "Natasha wangu anaolewa Desemba. Nipe nimpelekee."

Thadeus aliitikia kwa kichwa. Bochaberi alisema atafikiria.

Asubuhi iliyofuata Thadeus alisikia nyundo. Alimkuta mkewe amekaa uani, sufuria imepinduliwa kati ya miguu yake, anaitoboa kwa msumari.

"Mama Mokeira, unaharibu chombo kizima?"

"Nataka kupandia mboga."

"Na dada yangu nitamwambia nini?"

"Mwambie vinavuja." Alipiga tena. "Siwezi kwenda kwa Natasha nikapakuliwa chakula kutoka kwa hii sufuria, Baba Mokeira. Siwezi."

Thadeus alikuwa na dada huyo mmoja tu. Kisha akaona birika linamteleza mkewe mikononi, akachuchumaa, akamshikia.

Walijaza udongo na samadi. Kwenye sufuria na beseni walipanda managu, mboga ya majani yenye uchungu kidogo, na kwenye birika kijiti cha waridi. Orpah alipopata habari, hakukanyaga tena Marani.

Mvua zilikuwa nzuri na managu yakanawiri kando ya ukuta, lakini Bochaberi hakuyachuma. Alimwagilia, akang'oa magugu, basi. Desemba Thadeus alikwenda harusini Ogembo peke yake. Mchana huo jirani yao, Eucabeth, aliingia uani.

"Mama Mokeira, mboga hii inakomaa. Itakuwa ngumu."

"Chuma wewe."

Eucabeth alichuma, akapika jikoni kwa Bochaberi, akasonga ugali na kumpakulia. Bochaberi alikula matonge mawili.

"Imekuwa chungu?" Eucabeth aliuliza.

"Hapana. Ni tamu." Aliweka sahani chini. "Yeye ndiye angenipikia. Ningeenda kwake kama mgeni, anipikie, nimwambie chumvi ni kidogo."

Eucabeth alisogeza kiti chake karibu, na walikuwa bado wamekaa hivyo Thadeus aliporudi, suti yake imelowa mvua. Hakuulizwa harusi ilikuwaje. Alivua viatu, akachukua ile sahani, akamalizia chakula kilichopoa.