Tairi la Gari Chini ya Mayai

Osman wa Matungu hakuwa mtu wa kununua kitu kwa pupa. Hata kitunguu alikigeuza na kukibonyeza mpaka muuzaji akamnunia. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo akichagua tairi la nyuma la pikipiki, tena tairi la gari, kwa sababu la pikipiki lenyewe limekosekana Kakamega nzima, Kisumu halipo, na rafiki yake Chrispinus amerudi kutoka Eldoret akitikisa kichwa.

Pikipiki yenyewe ilikuwa na kisa chake. Mapadri fulani walipofunga virago waliuza pikipiki mbili pacha, kubwa, ambazo mtu anazikalia kama kiti cha sebuleni. Osman akachukua moja, Chrispinus wa Malava akachukua ya pili. Nguvu zilikuwa nazo. Ubaya wake ulikuwa gurudumu la nyuma, dogo na nene, ringi yake sawa na ya gari dogo, na hapakuwa na duka lililojisumbua kuleta tairi lake. Kwa hiyo wawili hao waliishi kwa kusaidiana. Chrispinus hakuwahi kununua spana maishani mwake. Za Osman zilimtosha. Sikukuu ya Idi alikula kwa Osman, na siku Osman alipofiwa na baba yake, Chrispinus alishika sepeto kule makaburini mpaka viganja vikachubuka. Osman hakuwahi kuisahau siku ile.

Halafu ikaja kazi ya mayai. Mama Jeruto, mfugaji wa kuku huko Chekalini, alipata shule mjini Kakamega iliyotaka mayai kila wiki, na alihitaji mwendeshaji mmoja tu. Hakuficha kwamba moyo wake ulikuwa kwa Osman. Lakini ili watu wasiseme anapendelea, alitaka Jumatatu wote wawili wapakie, na atakayefikisha mayai mazima ndiye atakayebaki na kazi. Osman aliitamani kazi hiyo mpaka usingizi ukampaa. Ulikuwa mwaka wa zile mvua za El Nino, miwa ilikuwa imekwama shambani, wateja hakuna, na mkewe Swafia alikuwa ameanza kuiita pikipiki ile mke mwenza asiyepika.

Jeruto huyo huyo ndiye aliyemshauri atafute tairi kwa ndugu yake Kiptoo, muuza vipuri wa Eldoret. Osman alikuwa kitandani na malaria, hivyo akamtuma Chrispinus. Chrispinus akaenda, akarudi mikono mitupu. Alisema Kiptoo amepekua ghala lote na hakuna kitu.

Ndipo Jumamosi wakajikuta kwa fundi Shikanga, pale Malava, mbele ya rundo la matairi yaliyokwisha kutumika. Osman akaanza mambo yake. Alinusa, akabonyeza, akaingiza kidole katika kila ufa. Chrispinus naye hakubaki nyuma. Aliinama kwenye matope, akayabingirisha matairi moja moja, akayagonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha kichwa kusikiliza. Mwishowe yeye ndiye aliyelichomoa moja lenye meno mazima, akalifuta kwa shati lake mwenyewe. Osman aliona raha kuwa na rafiki wa kuchafua shati kwa ajili yake.

Shikanga aliwaonya. Tairi la pikipiki, alisema, ni la mviringo kama tumbo la chungu, ndiyo maana pikipiki inalala kwenye kona. La gari tumbo lake ni bapa na lina mabega. Ukitaka kulala, bega linakataa, linakusukuma uende moja kwa moja. Akatoa kisu chake kipana akasema ayanyoe hayo mabega kidogo, kazi ambayo alikwisha kuifanya mara nyingi.

Chrispinus akamshika mkono.

"Usikubali akate hiyo kitu, ndugu yangu," alimwambia Osman. "Mzigo ya mayai si mchezo, itapasukia njiani. Watu wa Bungoma wanabebanga mpaka mahindi na tairi ya gari vile iko, na wanafika."

Osman akamtazama fundi, akamtazama rafiki. Akamwambia Shikanga arudishe kisu. Tairi likapakwa maji ya sabuni, likajazwa upepo mpaka likalia na kukaa mahali pake. Kwa kweli lilipendeza.

Jumatatu Osman alipakia alfajiri. Chrispinus alichelewa kufika Chekalini, basi Osman akatangulia peke yake, trei za mayai zimefungwa nyuma yake kwa kamba za mpira. Kwenye lami iliyonyooka tairi lilitulia vizuri. Akapita Butali, akapita Malava, akaanza hata kupiga hesabu ya jinsi atakavyomjibu Swafia. Kisha ikaja ile kona iliyo kando ya msitu, imelowa, inateremka. Osman akalala. Pikipiki ikakataa. Ilisimama wima kama iliyotukanwa, ikakata barabara moja kwa moja na kumtumbukiza mtaroni, na mayai yakamfuata.

Alikuwa bado amekaa mle, ute unamtiririka shingoni, kiwiko kinavuja damu, Chrispinus alipofika. Aliikata kona ile bila taabu, akasimama, akaruka mtaroni na kumkumbatia. Alimfunga kiwiko kwa leso yake. Akaokota trei zilizopona, akazipanga juu ya zake, akasema afadhali mayai ya Mama Jeruto yasipotee yote. Osman alilia, na si kwa maumivu. Kupitia machozi aliona tairi la nyuma la mwenzake: jipya, la mviringo, vinyweleo vya mpira havijakatika. Ubavuni palikuwa na sehemu iliyosuguliwa kwa msasa.

Chrispinus aliyaona macho yake. Alisema amelipata jana jioni kwa mtu wa Turbo, moja tu, na Osman alikuwa ameshafunga la gari. Osman akamwambia ni bahati yake, na alimwambia kwa moyo mweupe.

Kazi ikawa ya Chrispinus. Wiki iliyofuata Osman alijikongoja kwa pikipiki ile ile, kila kona akiipita kwa mwendo wa bata, akamrudishie Jeruto trei zake na kumwomba radhi. Jeruto alimpa chai na kumpa pole. Kisha akasema kama mtu anayeongeza sukari:

"Kiptoo alikuja hapa jana. Anauliza ile tairi yako ilikaa namna gani."

"Tairi gani, Mama?"

"Si ile alipea Chrispinus akuletee. Aliandika jina yako kwa kando na rangi nyeupe, ndio mtu mwingine asichukue."

Osman aliweka kikombe chini. Kuibiwa angekuelewa, watu huiba. Kilichomchoma ni ile Jumamosi. Kwamba mtu alikuwa na tairi lake nyumbani, na bado akaja kuinama matopeni, akagonga matairi na kuyasikiliza, akachafua shati. Kwamba alimchagulia kwa uangalifu kitu cha kumwangusha, kisha akakishika kisu cha fundi kisije kikamwokoa.

Chrispinus aliingia uani wakati huo huo kuchukua mzigo wa wiki. Alimwona Osman, akamwona Jeruto alivyomkazia macho, akazima injini. Osman akaenda akachuchumaa, akapitisha kidole pale palipokwaruzwa. Herufi ya mwisho ya jina lake haikuwa imefutika vizuri.

"Ungeniomba," alisema. "Ungeniomba tu, Chrispinus, ningekupa."

Chrispinus akawatazama kuku. Jeruto ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba tairi la Osman halitatoka uani kwake kwa pikipiki ya mtu mwingine, na mayai leo yatabebwa na Osman.

Basi Chrispinus akapiga magoti nyuma ya pikipiki yake. Akaishika nati ya ekseli, kisha, macho yakiwa chini, akanyoosha mkono nyuma na kuufungua kiganja, kama alivyofanya miaka yote. Na Osman, kabla hajajua anafanya nini, akampa spana.