Daftari la Wote

Deogratias alikuwa amesomea kompyuta wiki mbili huko Tabora, na Mpanda nzima ilijua, maana hakuchoka kulisimulia jambo hilo. Yeye ndiye aliyeunganisha kwa waya kompyuta tatu za chama cha wafugaji, ili makarani wote waandikishe ng'ombe katika daftari moja la ndani ya kompyuta.

Asubuhi hiyo, aliporudi kutoka kunywa chai, akakuta daftari limegoma. Kompyuta ya karani wake, Rozalia, ilisema kuna mtu amelifungua na kujifungia nalo peke yake. Nje, wafugaji wa Kabungu walikuwa wanasubiri vibali.

"Nyie hamna ustaarabu!" akafoka. "Kitu cha wote, mtu mmoja anakikumbatia! Rozalia, andika barua ya onyo. Jina tutajaza akipatikana."

Kompyuta ya pili ilikuwa imezimwa. Ikabaki ya kwake mwenyewe, ambayo kabla ya chai aliifunika kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni, isiingie vumbi. Akakifunua. Daftari hilo hapo, wazi, linamngoja mtaalamu wa Tabora.

Rozalia akavuta taipureta.

"Bwana Deo," akauliza kwa adabu, "jina lako niliandike kwa kirefu?"