Saini Aliyoikataa Mwalimu wa Darasa la Sita

Mwalimu mpya alikuwa na wiki tatu tu shuleni, na sauti ilikuwa imeshamkauka kwa kuwanyamazisha wanafunzi hamsini na wanane. Siku hiyo alikuwa ameligeuzia darasa mgongo, anaandika hesabu za sehemu ubaoni, aliposikia dawati likipinduka. Kugeuka, wasichana wawili wanagaragazana sakafuni: juu binti wa mama anayesafisha vyoo vya shule, chini binti wa mwenyekiti wa kamati ya shule, pua inamvuja damu.

Aliwatenganisha kwa mikono yake, akauliza kulikoni. Msichana wa dawati la mbele akanong'ona, "Mwalimu, huyu anayetoka damu kila siku anamwita mwenzake Chooni. Leo amempulizia marashi kwenye begi, eti linanuka choo."

Mwalimu alihisi uso ukimwaka. Habari ile haikuwa ngeni kwake. Binti wa msafishaji alishamletea mara mbili, naye akamjibu, "Mpuuze, mwanangu, atachoka mwenyewe."

Saa nne aliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandaa barua ya kumsimamisha binti wa msafishaji wiki mbili. Yule mwingine hakutajwa popote.

"Weka saini hapa."

"Na aliyemchokoza?"

"Aliyetoka damu ndiye mchokozi? Usinichekeshe. Baba yake akija juu, utasema naye wewe?"

"Nitasema naye."

Msafishaji alikuwa mlangoni, glavu za mpira bado mikononi. "Mwalimu, weka tu saini, yaishe. Nitamchapa nyumbani. Kazi hii naihitaji."

Hapo ndipo hasira zilipompanda mwalimu hasa. Mama mzima, anayesugua uchafu wa watoto mia nane, aombe mwanawe aadhibiwe kwa sababu ametukanwa!

Alivuta daftari la matukio, akaandika yote: matusi, marashi, ngumi. Chini akaongeza: "Niliarifiwa mara mbili, sikuchukua hatua. Kama ni kuadhibu, tuanze na mimi." Hapo akaweka saini. Barua akairudisha kama ilivyokuja.

Mwalimu mkuu alisoma, akakunja uso. "Unajua wakaguzi hulisoma daftari hili?"

"Ndiyo maana nimeandika kwa kalamu ya wino."

Mwalimu mkuu akaichana barua. Mchana mwenyekiti alifika akifoka. Mwalimu akamsomea ukurasa ule neno kwa neno. Baba mtu aliondoka bila kuaga.

Kesho yake wasichana wote wawili walisimama mbele ya darasa. Binti wa msafishaji aliomba radhi kwa ile ngumi, kwa sauti ya kusikika. Mwenzake alitamka "samahani" akitazama dirishani. Mwalimu akamwambia amtazame mwenzake, arudie, na amwite kwa jina lake. Akarudia.

"Nimesikia," alijibu binti wa msafishaji. Hakusema amesamehe.

Darasa zima likamgeukia mwalimu, likingoja amlazimishe binti huyo kusamehe. Hakumlazimisha.